Anakamata panya?

Hilo hapo juu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila anayemwona paka wangu huku Nkuhungu, Dodoma. Jina lake hawaulizi. Fundi bomba aliuliza, mgeni wa kanisani aliuliza, binti anayeniletea maandazi aliuliza huku maandazi yenyewe yakipoa mkononi. Nikijibu kwamba hakamati, mtu ananitazama kama vile nimemwambia nafuga jogoo kwa ajili ya mayai.

Hakamati. Nalisema mapema tusije tukadanganyana huko mbele.

Anaitwa Bajeti. Alijileta mwenyewe mwezi wa Juni, wakati wabunge wamejaa mjini, gesti zimepandisha bei, na redio ya kila kibanda inasema mabilioni. Juni ya Dodoma ina baridi ambayo watu wa Pwani hawaamini mpaka waje. Alfajiri moja nikakuta kitu cha rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa, kimejikunja ndani ya karai langu la kufulia. Jirani akachungulia, akasema, "Hii bajeti imepita bila kusomwa." Jina likanasa hapo hapo. Siku hizi jioni nikitoka mlangoni kuita, "Bajeti! Bajeti, njoo ule!", wapita njia hugeuka. Yupo mzee mmoja wa baiskeli ambaye hajawahi kuniacha bila jibu: "Ilishaliwa hiyo, mama."

Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo kwa chanjo ya kichaa, daktari aliandika "jike" kwenye kadi kabla hata hajamgusa. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, akanieleza. Jeni ya ile rangi ya chungwa imekaa kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo ili manyoya yatoke na chungwa na nyeusi kwa pamoja, mnyama anahitaji X mbili, na dume wa kawaida anayo moja tu. Kisha akaniuliza nampa nini. Nikasema kwa kujiamini: maziwa. Akacheka. Paka akishakua, wengi wao hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, ndiyo maana zulia langu lilikuwa katika hali ile. "Nani alikwambia paka anywe maziwa?" Nikafikiri kidogo. Vitabu vya watoto. Kila kitabu chenye paka nilichosoma nikiwa mdogo kilikuwa na kibakuli cha maziwa pembeni. Sasa anakula chenga za dagaa wa Mwanza, zile zinazobaki chini ya gunia, ambazo mama mmoja wa soko la Majengo ananiwekea kwenye mfuko. Naye siku ya kwanza aliuliza.

Swali la pili naulizwa kwenye daladala. Nafanya kazi masjala, ofisi zetu zilihamia Mtumba, kwenye mji wa serikali, na kutoka mjini hadi kule kuna muda wa kutosha kusoma sura nzima, mbili kama kuna foleni. Ninafungua kitabu, na kabla hatujafika Nane Nane jirani wa kiti ameinamisha shingo: "Dada, unasomea nini?"

Hapo ndipo Kiswahili kinaponiweka pabaya. Tuna neno moja, kusoma, na linafanya kazi mbili. Anayesoma yuko shuleni. Anayesoma ameshika kitabu. Masikioni mwetu ni mtu yuleyule. Basi mwanamke mwenye mvi mbili tatu akionekana na kitabu, lazima kuna cheti kinatafutwa. Nikisema, "Sisomei kitu, nasoma hadithi tu," lile "tu" langu mwenyewe linanisaliti. Kijana mmoja aliwahi kunihurumia kabisa. "Usijali dada," akasema, "hata mimi nilirudia mtihani mara tatu."

Na kuna swali la tatu, ambalo halihusu paka wala kitabu, lakini ni ndugu yao wa tumbo moja: umejenga? Nilikuja hapa mwaka 2017, serikali ilipokuwa inahama, na tangu hapo sijakaa kwenye msiba wala harusi bila kuulizwa. Mji wote unafyatua tofali. Watu wana viwanja Ihumwa, Nzuguni, mpaka kule ambako barabara bado ni njia ya mbuzi, na mazungumzo ya chakula cha mchana ni bei ya nondo. Sijengi kwa sasa. Nimepanga vyumba viwili na sebule, nina paka asiyekamata panya na vitabu visivyo na mtihani. Kwa mizani ya mtaani kwetu mimi ni hasara inayotembea.

Najua namna rahisi ya kujitetea. Ningeweza kusema kusoma kunatuliza presha, kumpapasa paka kunasaidia moyo, yote yale ya magazeti ya Jumapili. Sitaki utetezi huo. Ni swali lilelile la panya, ila sasa limevaa koti jeupe la daktari. Ukishakubali kwamba paka apimwe kwa faida, leo atapimwa kwa panya, kesho kwa presha yako, na siku presha isiposhuka utamtazama vipi? Mimi nataka kusema jambo dogo kuliko hilo: kuna vitu nyumbani mwangu ambavyo havinifanyii kazi yoyote, na nimeviweka kwa sababu hiyo hiyo. Masjala nashinda nikipanga mafaili, kila karatasi ina namba na kila namba ina sababu. Nikirudi nyumbani nataka kiumbe kimoja kisicho na namba.

Haki itendeke lakini: wanaouliza kuhusu panya hawakuanza jana. Paka wote wa majumbani duniani wametokana na paka pori wa Afrika, yule wa rangi ya vumbi ambaye bado yupo kwenye nyika zetu, na wanaochimbua mambo ya kale wanasema walianza kutusogelea pale tulipoanza kuhifadhi nafaka. Nafaka ilileta panya, panya wakaleta paka. Kila kihenge cha mtama katika nchi hii kinaielewa habari hiyo bila kufundishwa. Ila kuna kaburi moja huko Saiprasi, lina takriban miaka 9,500, ambamo paka mzima alikutwa amelazwa chini ya nusu mita kutoka kwa mtu. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Maana yake mtu fulani alimpakia paka kwenye chombo, akavuka naye bahari. Labda kwa ajili ya panya, sikatai. Lakini hata panya wawe wengi namna gani, mtu haagizi azikwe karibu na mtego.

Mimi nilikulia Tanga, na bibi yangu alipoanza hadithi alisema "Paukwa!", nasi tukaitikia "Pakawa!" Kwa miaka mingi niliamini kabisa kwamba tunamtaja paka. Kwamba hadithi haiwezi kuanza mpaka paka awepo. Nilipojua kwamba silo neno hilo nilikuwa darasa la tano, na sijasamehe mpaka leo.

Sasa nieleze kuhusu maji, kwa sababu hapo ndipo mambo haya mawili, paka na kitabu, yalipokutana.

Mtaani kwetu maji ni ya mgao. Ratiba ipo, lakini anayeijua kweli ni koki yenyewe: hukohoa mara mbili, hutema hewa, halafu maji yanakuja, mara nyingi saa nane usiku. Sina simtanki. Nina mapipa mawili ya lita 200 na ndoo saba, na presha yetu ni ya kusuasua, kwa hiyo pipa moja linachukua karibu saa nzima. Ukienda kulala ukaacha mpira ndani, pipa litafurika na mwenye nyumba atakutana nawe asubuhi. Ukikaa macho bila la kufanya, utawaza madeni. Mwanzoni nilikuwa nawaza madeni. Kisha usiku mmoja nikatoka na kigoda, taa ya sola na kitabu, nikakaa chini ya mwarobaini, mpira ukinong'ona ndani ya pipa.

Pipa moja ni kurasa thelathini. Ndoo ni kurasa tatu, nne kama maandishi ni makubwa. Nimemaliza riwaya nzima kwa mapipa kumi na moja, na hiyo ndiyo hesabu ninayoitumia sasa. Mtu akiniuliza kitabu fulani ni kirefu kiasi gani, namwambia mapipa saba. Saa hizo Dodoma inabadilika. Vumbi limelala, bodaboda wamelala, anga ni kavu na nyota zimeshuka mpaka unahisi ukinyanyua mkono utazitibua. Mbwa wa mbali anabweka, anaacha katikati kana kwamba amesahau alichotaka. Na Bajeti anakuja kukaa ukingoni mwa pipa, anayatazama maji yakipanda. Hanywi. Anakunywa kidogo mno siku zote. Figo zake zimeumbwa kwa nchi kavu kuliko hii. Anatazama tu, na maji yakikaribia ukingo ananyanyua mguu mmoja. Huo ndio ukaguzi wangu. Mguu ukinyanyuka, nahamisha mpira.

(Naam, mtasema kumbe ana kazi. Nimelifikiria hilo, na nimeamua kulinyamazia.)

Agosti zabibu zikivunwa mambo huwa mazuri zaidi. Huku mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, na sado ya zabibu zilizokosa wanunuzi jioni hupatikana kwa bei ya huruma. Nina kitabu ambacho kuanzia ukurasa wa 88 kina madoa ya zambarau, na ndicho pekee nisichomwazima mtu.

Kuazima na kununua vitabu hapa nako ni kisa kingine, nitakifupisha. Vipya ni ghali kwa mshahara wangu. Vya mitumba huwa nakutana navyo vimetandikwa juu ya turubai, katikati ya mikanda na chaja za simu, na muuzaji huvipanga kwa unene. Kwake kinene ni kizuri. Nilipohama Dar nilikuja na maboksi mawili ya vitabu. Mwenzangu wa ofisini alinishauri nafasi ile niweke friji. Boksi moja niliweka sakafuni. Mchwa wa Dodoma hawaulizi unasomea nini. Waliingia kwa chini, wakala riwaya nne wakaacha majalada yamesimama wima kama wanajeshi, na nilijua siku nilipovuta moja likaja mkononi jepesi kama jani kavu. Tangu hapo vitabu vyangu vinakaa juu ya tofali. Kwa hiyo na mimi nimetumia tofali, mkiuliza.

Boksi la pili ndilo Bajeti alilochagua kuzalia. Paka hubeba mimba wiki tisa hivi, na kwa wiki zote hizo nilimwandalia kikapu chenye khanga kuukuu. Siku ilipofika akakipita kikapu, akapanda juu ya vitabu, akajifungua wanne. Wiki ileile nikasikia mkwaruzo nyuma ya kabati. Panya. Akatoka mchana kweupe, akakaa juu ya kamusi yangu, akaanza kula pembe ya jalada. Bajeti alimtazama. Panya naye akamtazama. Kisha Bajeti akarudi kumlamba mtoto wake wa tatu, na panya akaendelea na herufi A. Mtego nilinunua mwenyewe, elfu tatu, na ukafanya kazi usiku wa kwanza.

Watoto walipofikisha miezi miwili nikawatafutia nyumba. Kila aliyekuja aliuliza swali moja, nanyi mnalijua, isipokuwa sasa lilikuwa limerefuka: "Mama yake anakamata panya?"

"Sana," nikasema. Mara nne. Mungu anisamehe. Halafu nikampeleka Bajeti kwa daktari afungwe kizazi, maana uongo wa namna ile una kikomo.

Mpangaji wa upande wa pili ni bibi mmoja wa Kigogo, mzaliwa wa Bahi, aliyenifundisha kusema "Mbukwenyi" na kupika mlenda usioniaibisha. Yeye ndiye aliyeuliza kuhusu panya kwa ukali kuliko wote, na hakuridhika. "Mwanangu, mnyama asiye na kazi ni mgeni asiyeondoka." Koki ni ya wote, kwa hiyo usiku wa maji naye hutoka, hukaa kwenye ndoo aliyoigeuza, kimya. Miezi kadhaa tulikaa hivyo, mimi na kitabu, yeye na ugoro wake. Usiku mmoja akasema, "Unacheka nini?" Nikamweleza. Akasema, "Anza mwanzo." Nikasoma kwa sauti, ndoo mbili, pipa moja. Hakunisifu. Asubuhi nikiwa nafunga mlango niende kazini akanisimamisha: "Yule mwanamke, alirudi kwa mumewe au alipanda basi?"

"Shikamoo bibi. Sijui, hatujafika."

"Marahaba. Usisome mwenyewe mbele."

Alhamisi iliyopita maji hayakuja. Ilipofika saa tisa nilikuwa nimeshazima taa, Bajeti miguuni, nikasikia mlango ukigongwa. Bibi alikuwa amejifunika khanga mbili kwa baridi.

"Maji hayajatoka, bibi," nikamwambia.

"Nimeona," akasema. "Kwani na kitabu nacho ni cha mgao?"

Nikatoa taa, nikatoa kitabu, nikarudi ndani kuchukua kigoda. Nilipofika nje Bajeti alikuwa ameketi juu ya ile ndoo ya bibi, na bibi amesimama pembeni anamngoja ashuke.