Kasha la kompyuta la mbao Lamu: chuma kisitupwe chote

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Kompyuta nyingi za mezani zilizoingia Kenya zikiwa mitumba hazikubaliki na Windows 11, kwa sababu prosesa zake (chipu kuu zinazofanya hesabu) za Intel ni za kabla ya kizazi cha nane, na ofisi zinaziondoa. Mashine yenyewe bado nzima: iwekee Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, itaandika barua, itafungua intaneti na kumsomesha mtoto kwa miaka mingine. Lamu, hata hivyo, si uzee wa prosesa unaoziua. Ni chumvi. Hewa ya bahari huanza kuila bati pale rangi ilipochubuka, skrubu zikashikana, vumbi la kutu likaangukia madabodi (ubao mkuu wa saketi), mwenye mashine akaifunika kitambaa akaiweka pembeni akiamini imekufa, kumbe lililokufa ni kasha tu.

Ndipo linapokuja wazo la kutengeneza kasha la mbao nyumbani, kwa vipuri vya mashine hiyohiyo na mbao zilizokwisha kutumika. Wanaolipenda husema mbao haishiki kutu, mabaki yake yamejaa kisiwani, na mafundi tunao. Wanaolipinga husema mbao na umeme havikai chumba kimoja. Mimi niko na wanaolipenda, kwa sharti moja ambalo nadhani pande zote mbili hulipita: ganda liwe la mbao, lakini kiunzi cha ndani kibaki cha chuma.

Jambo lenyewe si geni. Kompyuta ya Apple-1 ya mwaka 1976 iliuzwa ikiwa madabodi tupu, na baadhi ya wanunuzi wakaitengenezea makasha ya mbao. Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English mwaka 1964, kilikuwa kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini.

Hoja ya joto ndiyo hutangulia midomoni mwa watu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli chuma hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko mbao. Lakini kompyuta ya mezani haipoi kwa kuta zake. Hupoa kwa hewa. Joto la prosesa hupanda kwenye mapezi ya alumini yaliyo juu yake, feni ikalitoa nje. Waliojenga nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani walijua kwamba chumba chenye tundu moja hakipati upepo hata kusi ikivuma, na kasha ni hivyohivyo: hewa iingie mbele kwa chini, itokee nyuma kwa juu. Ninachokiogopa zaidi ni nakshi. Fundi wetu akipewa uso wa mbele ataujaza maua na minyororo ya kupendeza, matundu yakawa membamba kiasi cha kuisonga feni. Feni ya milimita 120 inahitaji nafasi wazi isiyopungua sentimita za mraba 100 hivi. Zihesabiwe kabla patasi haijagusa mbao, na nyuma ya nakshi kiwekwe kitambaa chepesi cha kuzuia mchanga, kitakachotolewa na kufuliwa.

Moto ni hoja nyingine, nzito zaidi. Prosesa haiwezi kuichoma mbao: ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo na mwisho hujizima, na mbao huhitaji nyuzi 250 na zaidi kuwaka. Kinachochoma ni waya uliolegea au uliochunika. Ndani ya bati, cheche hiyo mara nyingi hukosa cha kula ikafa. Ndani ya mbao imekuta kuni. Na mji wetu una vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipiti, na kule mtaa wa Langoni ziko nyumba za makuti. Anayeipuuza hoja hii simsikilizi.

Tuje kwenye mbao zenyewe, maana huko ndiko watu wanakojidanganya. Mbao inayovutia macho kuliko zote ni ya jahazi lililovunjwa, yenye alama za misumari na rangi iliyopauka. Kwa kazi hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mbao iliyoishi baharini imenyonya chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata mbao ikiwa sebuleni. Skrubu utakazozitia zitaliwa upya, na unyevu utakaa sentimita chache kutoka kwenye madabodi. Ongeza harufu ya sifa, mafuta ya papa ambayo vyombo hupakwa, isiyotoka kwa vanishi. Kuiloweka mbao katika maji matamu hupunguza chumvi, ila maji yetu hutoka visima vya kwenye matuta ya mchanga ya Shela, nami sioni haki ya kuyamwaga kwa ajili ya pambo. Rangi kuukuu ya mashua nayo isipigwe msasa bila kufunika pua. Huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Mlango wa zamani je? Mbambakofi, mvule na msaji ni mbao za kuaminika, lakini mlango wenye nakshi za wazee usikatwe, hata ukiukuta umelala uani. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango hiyo ni sehemu ya kilichoufikisha huko. Kabati lililovunjika, kitanda, rafu za duka lililofungwa: hizo ndizo mbao za kazi hii. Mwembe nao ni rahisi kuranda ila wadudu huupenda, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua.

Mbao pia haitulii. Wakati wa masika huvimba, kaskazi ikikausha hewa hunywea, na mwendo huo huwa wa upana, si wa urefu. Ukigundisha ubao mpana pande zote utapasuka au kupinda. Mafundi wa milango wana jibu lao: ubao wa katikati hukaa huru ndani ya mfuo wa fremu, bila gundi, ukapata nafasi ya kutanuka. Kasha lijengwe vivyo hivyo.

Na hapa ndipo sharti langu linapotoka. Madabodi ya ATX, kipimo cha kawaida cha kompyuta za mezani, ni milimita 305 kwa 244, na matundu yake ya skrubu hayasogei. Ukiifunga moja kwa moja kwenye ubao unaovimba na kunywea, unaivuta pande zote mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo usilitupe kasha la bati lililooza. Kata kile kibati kilichobeba madabodi pamoja na ukuta wa nyuma wenye nafasi za plagi, uondoe kutu, upake rangi sehemu zote isipokuwa pale madabodi inapogusana na chuma, kisha ukifunge ndani ya ganda la mbao. Faida yake ni kubwa hata zaidi kwa mashine za Dell na HP za ofisini. Nyingi hazifuati vipimo vya ATX: plagi ya pawasaplai (kisanduku cha kulishia umeme) ni yao wenyewe, na hata waya za kitufe cha kuwashia hazilingani na za wengine. Chukua kibati, pawasaplai, feni na kitufe kutoka mashine moja.

Kibati hicho ndicho pia kinachobeba waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Katika kasha la chuma, waya ukichunika na kugusa ukuta, umeme hukimbilia ardhini na fyuzi ikakatika. Mbao haina njia hiyo. Mtu akapigilia vifundo vya shaba kama vya milangoni kwetu, waya wa volti 240 ukagusa mguu wa kifundo kimoja kwa ndani, shaba ile itakaa na umeme ikimngoja mtoto. Vifundo viunganishwe na kibati, au visiwekwe. Pawasaplai isifunguliwe wala kuvuliwa ganda lake: kapasita zake, vipuri vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Na soketi ya nyumbani ipimwe, kwani plagi ya miguu mitatu haina msaada pale ambapo ukutani waya wa tatu haupo.

Chuma huzuia pia mawimbi ya redio yanayotoka ndani ya kompyuta, mbao huyaachia. Redio ya FM itakoroma chumbani, na karibu na forodha kuna vyombo vinavyosikiliza masafa ya VHF, chaneli 16, ile ya kuomba msaada baharini. Bati jembamba la alumini likitandikwa ndani na kuunganishwa na kibati huondoa sehemu kubwa ya tatizo, na hilohilo hukinga mbao na cheche.

Kwa bei, nasema wazi kwamba si nafuu. Hesabu siku za seremala, vanishi na alumini, utaona kasha la bati la mitumba lililopitia Mokowe, gati ya bara, lingegharimu kidogo. Lakini lile la bati litaoza tena, na fundi hatakuwa amejifunza kitu. Mji ulioweza kuunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likazinduliwa mwaka 2018, una mikono ya kuifanya kazi hii vizuri.

Swali lililobaki ni la kuuza. Anayejitengenezea anajua waya gani uko wapi. Mgeni anayenunua kwa sababu ya nakshi hajui. Kwa hiyo ningependa karakana itakayoanza kuyauza makasha haya imwite fundi stima, apime ethi kutoka mguu wa plagi hadi kila kipande cha chuma mkono unapofika, na mnunuzi aoneshwe kipimo hicho kabla hajalipa.