Hisa za chipu: riba ni moja, wateja si wamoja

Mwaka 2022 wenye hisa za kampuni za chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta na simu, waliumia. Mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, benki kuu ikapandisha riba mfululizo, na hadi mwaka unaisha faharasa ya Philadelphia, kipimo cha bei za hisa za sekta hii, ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya theluthi. Hisa hizi hununuliwa kwa matumaini ya faida ya miaka ijayo, na riba ikipanda, faida ya mbali hushuka thamani.

Lakini riba haielezi kila kitu. Micron, inayotengeneza chipu za kumbukumbu, ilipata hasara ya dola bilioni 5.8 katika mwaka wa fedha wa 2023, kwa sababu watu walikwisha kununua kompyuta na simu wakati wa Uviko-19 na mzigo ukarundikana maghalani. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Nvidia, inayouza chipu za akili bandia, ilitangaza kwamba inatarajia mapato ya dola bilioni 11 katika robo moja tu. Riba ilikuwa ileile kwa wote wawili. Mteja ndiye aliyekuwa tofauti: wa Micron alikuwa ameshanunua, wa Nvidia alikuwa anajenga akili bandia.

Wanaoshauri kununua wana hoja nzito. Mashine za kuchorea chipu za kisasa kabisa zinaundwa na ASML ya Uholanzi peke yake, na chipu zenyewe kwa sehemu kubwa hutoka TSMC ya Taiwan. Mwenye nafasi kama hiyo, gharama zikipanda, humhamishia mnunuzi.

Hofu yangu iko kwa mnunuzi huyo. Katika mwaka wa fedha wa 2025, vituo vya data, yaani majengo yenye kompyuta nyingi, viliipa Nvidia takriban dola bilioni 115 kati ya mapato yake ya bilioni 130, na matumizi hayo yanabebwa kwa kiasi kikubwa na kampuni chache, zikiwemo Microsoft, Amazon, Google na Meta. Wachache hao wakibana bajeti, pigo litafika hadi kwa ASML. Tena kiwanda cha chipu huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo huweza kufunguliwa wakati uhaba umeshapita. Watengenezaji wa magari walilia uhaba mwaka 2021, wakaagiza kupita kiasi, na kufikia 2024 kampuni zinazowauzia chipu zilikuwa na mzigo usiotoka.

Kwa hiyo singenunua sekta nzima kwa mkupuo. Ningefungua ripoti ya kila robo mwaka na kulinganisha thamani ya mzigo ulioko ghalani na mauzo. Mzigo ukikua haraka kuliko mauzo kwa robo mbili mfululizo, ningesubiri, hata riba ikiwa inashuka.