Si Kila Kitu Kiliungua Dublin

Mama mkwe wangu alizaliwa Liverpool, na kila tulipomwuliza asili ya wazee wake alijibu kwa maneno yaleyale: walitoka Mayo, magharibi mwa Ireland, na karatasi zao zote ziliungua. Tangu nianze kuwatafutia wanangu nasaba ya upande wa mama yao nimeisikia kauli hiyo kwa watu wengi, na sasa naamini kwamba yenyewe imewapotezea watu mababu wengi kuliko moto wanaoulaumu.

Moto ulikuwepo, na hasara yake ilikuwa kubwa. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la hifadhi ya nyaraka za umma lililokuwa sehemu ya Four Courts, jumba la mahakama mjini Dublin, lililipuka na kuteketea, likaondoka na hati za wasia, madaftari ya zaidi ya nusu ya parokia za Kanisa la Ireland (la Kianglikana), na karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851. Sensa nne zilizofuata zilipotea kwa njia nyingine kabisa. Zile za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya takwimu kutolewa, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa rojo la karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Anayeutupia moto wa 1922 lawama zote anawaondolea maofisa wa serikali dhamana ya walichokifanya kwa mikono yao.

Tena yapo mengi ambayo hayakuwa ndani ya jengo lile. Madaftari ya ubatizo na ndoa ya Wakatoliki yalibaki parokiani, na tangu Julai 2015 Maktaba ya Taifa ya Ireland imeweka picha zake kwenye intaneti bila malipo, kwa sehemu kubwa hadi mwaka 1880 hivi. Usajili wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa zote, ulioanza mwaka 1864, ulitunzwa mahali pengine, na hati zake za zamani husomwa bure katika tovuti ya irishgenealogy.ie. Sensa za 1901 na 1911 zimesalimika pamoja na fomu zilizojazwa nyumba kwa nyumba, na nyingi kati yake zina saini ya baba mwenye nyumba mwenyewe.

Kumbukumbu iliyonigusa kuliko zote ni ya pensheni. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee waliofikisha miaka 70 malipo ya uzeeni kuanzia Januari 1909, lakini nchini Ireland mzee wa umri huo hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa alizaliwa kabla ya 1864. Basi aliandika majina ya wazazi wake na kitongoji alichokulia, na karani akaenda kumtafuta utotoni mwake katika sensa ya 1841 au 1851, kisha akaandika alichokiona. Sensa hizo ziliungua, lakini fomu za makarani hao zipo, na leo zinasomeka katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland. Kwa hiyo bibi maskini aliyekuwa akitafuta shilingi zake tano za wiki ametuokolea kaya nzima, na majina ya wadogo zake waliokufa wakiwa watoto. Pensheni hiyohiyo inatufundisha pia kutouamini umri ulioandikwa: wapo wengi ambao kati ya sensa ya 1901 na ile ya 1911 waliongezeka miaka mingi zaidi ya kumi, ili wafikie umri wa malipo.

Wanaokata tamaa mapema ni kundi moja. Kundi la pili, ambalo naliona la hatari zaidi, ni la wanaookota babu katika mti wa ukoo uliotengenezwa na mtu mwingine mtandaoni kwa sababu tu jina na mwaka vinakaribiana. Nchini Ireland jina halithibitishi kitu. Kwa desturi yao ya zamani mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa baba yake, na wa pili jina la baba wa mama yake. Wasomaji Wakikuyu watautambua utaratibu huo mara moja, kwani ndio wao. Mzee mwenye wana watano aliweza kuwa na wajukuu watano wenye jina lake na ukoo wake, katika parokia moja, kwa miaka michache tu. Anayechagua mmoja kwa kubahatisha anamvika mtu nasaba isiyo yake, na sisi tuliolelewa kutaja fulani bin fulani bila kuruka mtu tunajua uzito wa kosa hilo.

Nilikutana na jambo hilihili kwa babu wa mama mkwe wangu. Cheti chake cha ndoa cha Liverpool kilitaja jina la baba yake peke yake, kwa kuwa vyeti vya ndoa vya Uingereza na Wales havikuwa na nafasi ya mama tangu 1837 hadi 2021. Katika daftari la parokia ya Mayo, lililoandikwa kwa Kilatini na wino uliofifia, nikakuta watoto wawili waliobatizwa kwa jina lake, miaka miwili mbali, na baba wa kila mmoja ana jina lilelile. Waliotofautiana ni mama tu. Miti ya ukoo niliyoiona mtandaoni ilikuwa imemchagua wa kwanza, na hakuna hata mmoja uliotoa sababu.

Nikaliacha tawi hilo wazi kwa miezi saba, mpaka siku moja mama mkwe wangu alipokumbuka, tukiwa tunakunywa chai, kwamba babu yake alikuwa na kaka aliyehamia Glasgow. Scotland ilianza usajili wake mwaka 1855, na kwa maoni yangu iliufanya vizuri kuliko majirani zake wote, kwani hati ya kifo hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la ukoo ambalo mama alizaliwa nalo. Nililipia picha ya hati ya kifo cha kaka huyo katika tovuti ya ScotlandsPeople, pesa kidogo tu. Mama yao alikuwa yule wa ubatizo wa pili. Nilimwandikia mama mkwe wangu jina hilo kwenye karatasi kwa herufi kubwa, naye akalisoma kwa sauti mara tatu, kisha akaomba kalamu aliandike mwenyewe kwenye jalada la ndani la Biblia yake.