Nusu gani hiyo?
Kuna makala inasema eti kocha wa besiboli Mike Martin hakuwahi kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, kwa hiyo kazi yake ya ukocha ilibaki nusu? Hapo mwandishi kanipoteza. Mchezaji aliyeishia ligi ndogo za besiboli, zile za kulipwa zilizo chini ya ligi kuu, akaja kuinoa timu ya chuo kikuu cha Florida State misimu 40, 1980 hadi 2019, akashinda mechi 2,029 na kuifikisha timu fainali za ubingwa huo mjini Omaha mara 17! Fainali zenyewe ni za siku chache, mrushaji mmoja wa wapinzani akiamka vizuri, mmekwisha. Augie Garrido, kocha mwingine wa vyuo, naye zao la ligi ndogo, alibeba mataji 5 ya ubingwa huo, sawa, lakini kwa idadi ya ushindi Martin alimpita 2018. Wadau, enzi zao mngempeleka mtoto kwa nani?