Ajali haina kinga, ila bima ndogo inalipiwa ya nini?

Jamani mimi naomba niseme hili hata kama mtaniambia mtu wa Ulaya nimeanza kujifanya najua. Huku Uingereza sio kwamba watu wanaendesha kama malaika, wapi, wapo wanaochati huku wameshika usukani, walevi wa Ijumaa usiku ndo usiseme. Tofauti iko pale mtu akishagongwa. Huku wanauliza nani kazembea na bima yake kampuni gani, bongo tunauliza mnamalizanaje.

Kuna jamaa tunafanya nae kazi warehouse, Mkenya wa Mombasa, aligongwa anavuka zebra alfajiri akitoka shift, mguu ukavunjika. Hakuna mzee wa mtaa aliyeitwa, hakuna cha "tusameheane". Wakili akachukua kesi kwa ule mpango wa usiposhinda hulipi, bima ya yule dereva ikalipa mishahara aliyokosa, mazoezi ya mguu na maumivu yenyewe. Ilichukua zaidi ya mwaka tena kwa kuvutana sana, maana watu wa bima ni wale wale popote duniani. Na hata dereva angekimbia kuna mfuko unaitwa Motor Insurers' Bureau, upo tangu 1946, unalipa waliogongwa na gari lisilo na bima au lililotoroka. Huku hata lena mwenye kibao cha L mahakama ilishasema tangu 1971 anapimwa kama dereva mzoefu, habari ya "najifunza bado" haimsaidii aliyeumia.

Sio kwamba ni peponi. Kila siku nilikuwa napigiwa simu na watu nisiowajua, "eti ulipata ajali hivi karibuni?", madai ya uongo ya shingo kuuma yakazidi mpaka serikali ikabana mwaka 2021, sasa hivi shingo iliyouma miezi miwili unapewa hela ya kununulia viatu. Na kama hukufunga mkanda wakati ungekuokoa wanakukata robo nzima ya fidia, hata kama kosa la kugonga ni la mwenzio.

Sasa kinachoniuma ni kwamba sheria yetu Tanzania haiko mbali na hii, tuliirithi kwa Mwingereza huyo huyo. Bima ndogo ni lazima kwa vyombo vya moto barabarani na kazi yake ni huyo huyo aliyegongwa, sio gari. Una miaka 3 ya kudai uzembe, huku pia ni 3. Lakini sisi tunaona stika ya bima kama kitu cha kumwonyesha trafiki tu asikusumbue. Dereva akipelekwa mahakamani akapigwa faini, familia inarudi nyumbani inasema kesi imeisha, wakati ile faini ni ya serikali, majeruhi hajapata hata mia! Madai ya fidia ni kesi nyingine, na ile hukumu ya trafiki ndo ushahidi wako mzuri kabisa. Halafu mwenye daladala nae anajitoa, eti mi sikuwepo, wakati dereva anakimbizana na hesabu yake yeye, asipoipeleka jioni kesho gari anapewa mwingine. Ukimwajiri mtu akagonga kwenye kazi yako na wewe umo, usijifiche nyuma ya konda.

Nayasema haya sababu shemeji yangu kagongwa na bodaboda Mbagala, amekaa na hogo (plasta ngumu) mguuni miezi na vyuma viko ndani mpaka leo. Wazee wa pande mbili wakakaa, yule kijana akatoa laki mbili na mchele, ikaitwa yameisha. Laki mbili! Hiyo haifiki hata nusu ya operesheni ya kutoa vyuma, na jamaa ni fundi tofali, mguu ndo ofisi. Bahati karatasi ya kwamba hawadaiani haikusainiwa maana yeye alikuwa wodini, PF3 ya polisi ipo, na ile pikipiki stika yake ya bima tumeihakiki kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwenye simu ni hai kabisa.

Sasa tatizo ni mama mkwe. Anasema hawezi kumshtaki mtoto wa jirani, yeye na mama wa kijana wamezikana ndugu, na kijana mwenyewe hana kitu pikipiki ni ya mkataba. Nimemwambia mama, kijana jina lake litaandikwa kwenye kesi kweli, ila anayelipa ni kampuni ya bima, ndo alichokilipia. Kanijibu huku hatuishi kwa mawakili baba. Shemeji yeye yuko kimya tu katikati, na miaka 3 inatembea.