Bakteria wangu hawajambi

Jamani kwanza niseme wazi, mi sikujamba. Siku hiyo nilikuwa nimeshinda kwenye chemchemi ya salfa, zile ambazo maji yanatoka pangoni yananuka mayai viza, naangalia nyuzi nyeupe zinacheza majini kama ndevu za mzee. Ni bakteria wale, Beggiatoa na ndugu zake. Wanaishi hata gizani totoro, hawana haja na jua, wanachukua ile gesi inayonuka, haidrojeni salfaidi, wanaiunguza na oksijeni wanapata nguvu, halafu salfa wanaiweka akiba ndani ya mwili ndo maana weupe. Bwana Winogradsky, mwanasayansi wa bakteria, kashang'amua hayo tangu 1887, sasa mi nani nisibebe hata kachupa kamoja nikawaone kwa hadubini?

Nikajaza chupa ya soda, nikatia begini, nikapanda basi.

Nilichosahau ni kwamba gesi ile pua inaizoea. Ukishinda nayo masaa manne husikii tena kitu (na ndo ubaya wake, ikiwa nyingi inaua mtu huku anadhani hewa imekuwa safi). Kwa hiyo mi niko zangu dirishani natabasamu, kifuniko kimelegea, chupa inavuja, basi zima linaziba pua. Wa kwanza kushukiwa mtoto, mama yake kamkagua nepi kakuta kavu kabisa. Wa pili mzee wa siti ya nyuma, akaapa kwa Mungu si yeye. Nami si nikajitia kimbelembele, nikapaza sauti, "Jamani watu tuwe na aibu kidogo!"

Bibi niliyekaa naye hakusema neno. Alikuwa anaangalia mkono wangu tu.

"Mjukuu wangu, hiyo pete ya nini?"

"Ya fedha, bibi."

"Fedha gani nyeusi hivyo?"

Kuangalia, pete imekuwa kama masizi, salfa ishaila. Na chini begi linadondosha tone moja moja, basi zima kimyaaa.

Nikaanza kujitetea, ooh hawa hawatoi harufu, hawa ndo wanaila, yaani wanatusaidia, harufu ni ya maji... Konda akagonga bodi.

"Shuka na mifugo yako."

Nikamalizia safari kwa mguu. Usiku kwenye hadubini nikawakuta wanateleza taratibuuu, wala hawana habari.