Squirtle Wangu Hakui

Kila nikianza upya Pokémon ya kwanza kabisa, ile gemu ya kufuga na kupambanisha viumbe, ya Game Boy, iliyotoka Japani mwaka 1996, Profesa Oak huweka mipira mitatu mezani, kila mmoja una kiumbe ndani, nami sina haja ya kufikiri. Namchukua Squirtle, kikobe cha maji. Marafiki zangu karibu wote ni watu wa Charmander, yule wa moto, maana wanajua huko mbele atakuwa Charizard, joka la kutema moto. Haya, waende naye basi kwa Brock.

Brock ndiye kiongozi wa kwanza wa kupambana naye, na kikosi chake ni mawe matupu: Geodude wa ngazi ya 12 na Onix wa ngazi ya 14. Hapo moto wa Charmander haufui dafu. Squirtle kwa upande wake, akifika ngazi ya 8 tu, ameshajua kupuliza viputo. Viputo, kama vya sabuni! Lakini wale wawili wa Brock ni mwamba na udongo kwa pamoja, na vyote viwili maji huviumiza maradufu, kwa hiyo kila pigo linaingia mara nne. Onix ana urefu wa mita 8.8. Squirtle ana nusu mita na kilo 9. Sijachoka bado kulitazama lile jinyoka la mawe likilazwa chini na povu. (Bulbasaur, yule wa tatu, naye anamshinda Brock kirahisi, najua, msiniandikie.)

Sasa hapa ndipo hata mashabiki wenzangu wa Squirtle hunikimbia: simwachi akue, yaani abadilike kuwa umbo kubwa zaidi. Ngazi ya 16 ikifika, skrini ikianza kumetameta, nabonyeza kitufe cha B kumzuia. Ya 17, B tena. Na tena.

Tatizo langu ni kule anakoelekea. Kwa Kijapani anaitwa Zenigame. Zeni ni sarafu za kale, kame ni kobe, na zenigame ni jina ambalo Wajapani huwaita watoto wa kobe wa madimbwini, kwa jinsi gamba lao lilivyo kama sarafu. (Sisi tuna kobe wa nchi kavu na kasa wa baharini, huyu hayupo huku wala kule.) Wartortle, umbo la pili, namvumilia. Ule mkia wake wa manyoya unamkumbusha Mjapani minogame, kobe mkongwe wa hadithi aliyeota mwani mgongoni hadi ukamburuzika nyuma, ishara ya maisha marefu. Kitoto cha dimbwini kimekuwa mzee, jambo linaloeleweka. Kisha kwenye ngazi ya 36 anatokea Blastoise: kilo 85.5, manyoya hakuna, mizinga miwili ya maji imechomoza mabegani. Nilikuwa nafuga kobe, nimeletewa kifaru cha jeshi.

Waliotengeneza katuni nadhani waliliona hilo. Squirtle wa Ash, kijana shujaa wa katuni hiyo, alikuwa kiongozi wa genge la watukutu wenye miwani ya jua, waliotelekezwa na mabwana zao, wakaja kuwa wazima moto. Hakukua hata siku moja. Charmander wa Ash alipokua, akaanza kumdharau bwana wake.

Hata hivyo wakubwa wa Pokémon wanampenda Charizard. Gemu za X na Y za 2013 zilimpa Mega (umbo la muda lenye nguvu zaidi) mbili, Blastoise moja. Gemu za Sword na Shield zilipotoka 2019, ukoo wa Charmander ulikuwemo tangu siku ya kwanza. Squirtle alisubiri hadi 2020.

Wanaosema najinyima nguvu hawajasoma orodha ya mashambulizi. Katika gemu ile ya kwanza, Hydro Pump, pigo kubwa kuliko yote ya maji, Blastoise hujifunza akiwa ngazi ya 52, Wartortle ya 47, Squirtle ya 42. Wangu leo yuko 41.